Kijana wa Mombasa Bara na Udaktari wa Liverpool

Mzazi yeyote wa Likoni, Kisauni au Changamwe aliyejaliwa mtoto hodari wa masomo ya sayansi huambiwa na majirani neno moja: "Huyu atakuwa daktari." Neno hilo ni la heri. Lakini siku hizi limeongezewa mkia: "Mpelekeni Ulaya." Hapo jamaa hukaa kikao, na katika kikao hicho shamba la minazi hutajwa, nyumba ya kupangisha hutajwa, na kiinua mgongo cha baba aliyefanya kazi bandarini miaka thelathini hutajwa pia. Yafaa basi, kabla kitu chochote hakijauzwa, ijulikane ni njia gani impasayo kijana huyo kuipita, ni mitihani gani imngojayo mlangoni, na ni maisha gani atakayoyakuta huko aendako.

Vyuo vya udaktari katika Uingereza ni vingi, nayo miji yake haifanani. Kwa mfano wa makala haya umechaguliwa mji wa Liverpool, kwa kuwa mtu wa Mombasa ataelewa upesi habari za mji wa bandari.

Mji wa bandari na elimu ya homa

Liverpool uko kwenye mlango wa mto Mersey, upande wa kaskazini magharibi ya Uingereza. Kwa wingi wa watu ni mdogo kuliko Mombasa: wakazi wake ni kama nusu milioni, hali Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 katika mwaka 2019, na kati yao 250,358 walikuwa wa Likoni peke yake. Watu wa Liverpool nao wanajua maana ya kuvuka maji. Tangu karne ya kumi na mbili watawa wa ng'ambo ya Birkenhead walikuwa wakiwavusha wasafiri kwa makasia. Reli ilipitishwa chini ya mto mwaka 1886 na barabara mwaka 1934, lakini feri ingalipo mpaka leo.

Mji huo ulipata utajiri wake mwingi katika biashara ya watumwa, mpaka Waingereza walipoipiga marufuku mwaka 1807. Habari hiyo haifichwi: mwaka 2007 ilifunguliwa jumba lake la makumbusho pale pale gatini. Msomaji wa Kisauni, ambaye kila siku hupita Kengeleni karibu na Frere Town, mahali walipowekwa watumwa waliokombolewa tangu mwaka 1875, hatahitaji kuelezwa kwa nini jumba hilo linamhusu.

Lakini jambo liliunganishalo pwani hii na Liverpool zaidi ya yote ni homa ya malaria. Katika mwezi wa Julai 1844 Rosina, mke wa mmisionari Krapf, alifariki Mombasa kwa homa pamoja na mtoto wake mchanga, muda mfupi baada ya kuwasili, akazikwa bara, upande wa Nyali. Wakati huo hapakuwa na mtu duniani aliyejua homa hiyo huletwa na nini. Ilipita zaidi ya miaka hamsini, hata mwaka 1897 Ronald Ross alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu kule India. Mwaka uliofuata, 1898, matajiri wa meli wa Liverpool, wakiona mabaharia wao wanarudi wagonjwa, walianzisha Chuo cha Tiba za Nchi za Joto, cha kwanza cha namna yake. Ross akaenda kufundisha hapo, na mwaka 1902 akapewa tuzo ya Nobel. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili alisoma hapo pia Dakta Hastings Banda, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Malawi.

Kwa hiyo mtu wa Likoni anayetamani elimu ya Liverpool hatamani jambo la kipuuzi. Swali ni kwamba mlango uko wapi, na ufunguo wake wapatikana kwa bei gani.

Mtihani wa mlangoni

Katika Kenya kijana huingia katika udaktari kwa alama zake za KCSE. Akipata alama za juu katika Biolojia, Kemia, na Fizikia au Hisabati, pamoja na lugha, huomba kwa KUCCPS, na alama hizo ndizo zinazoamua. Uingereza haiko hivyo. Juu ya vyeti, vyuo karibu vyote hutaka mwombaji afanye mtihani mwingine uitwao UCAT. Zamani ilikuwapo mitihani miwili iliyoshindana, lakini ule wa BMAT, uliotumiwa na Oxford, Cambridge na vinginevyo, ulifanywa mara ya mwisho katika mwaka 2023, na vyuo hivyo vikauhamia UCAT.

Mtihani huu haumuulizi mtu ini liko wapi wala damu hupita njia gani. Wapima jinsi mtu anavyofikiri akiwa na haraka. Hufanywa kwa kompyuta, katika vituo maalumu vilivyo katika nchi nyingi, kati ya Julai na mwisho wa Septemba, nao huchukua takriban saa mbili. Mtu hana ruhusa ya kuufanya zaidi ya mara moja kwa mwaka, na matokeo yake hutumika kwa maombi ya mwaka huo tu. Katika mwaka 2025 ada yake kwa mtu afanyaye nje ya Uingereza ilikuwa pauni 115.

Tangu mwaka 2025 sehemu zake ni nne, baada ya ile ya kulinganisha maumbo na picha kuondolewa. Ya kwanza ni ufahamu wa maneno. Mtahiniwa hupewa vifungu vya kusoma na maswali 44, naye ana dakika 22 tu, yaani nusu dakika kwa kila swali, kusoma kukiwa ndani yake. Hapa wengi hukwama, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa mazoea ya kusoma Kiingereza mbio.

Ya pili ni uamuzi. Tuseme mtu ameambiwa hivi: madaktari wote wa hospitali fulani wanajua Kiingereza, na baadhi ya wajuao Kiingereza wanajua Kiswahili. Je, ni lazima baadhi ya madaktari hao wawe wanajua Kiswahili? Mwenye pupa atajibu ndiyo. Aliyetulia ataona kwamba haijasemwa hivyo, kwani wajuao lugha zote mbili huenda ni watu wengine kabisa.

Ya tatu ni hesabu za kawaida. Mfano: meli imepakia makontena 1,260 Kilindini, asilimia 35 ni ya chai, na theluthi ya chai hiyo yaenda Uingereza. Makontena yaendayo huko ni mangapi? Jibu ni 147, na mtoto wa darasa la nane aweza kulipata. Ugumu ni kulipata kabla dakika haijaisha, na baada yake jingine, na jingine.

Sehemu ya nne ni ya mwenendo. Mtahiniwa huelezwa jambo lililotokea hospitalini, kwa mfano mwanafunzi amemwona mwenzake akitia sahihi ya mtu mwingine katika daftari la mahudhurio, naye aulizwa lipi lafaa kufanywa. Sehemu tatu za kwanza hujumlishwa kuwa alama kuanzia 900 hadi 2,700. Hii ya nne hupewa daraja, kutoka la kwanza hadi la nne, na viko vyuo vinavyomkataa kabisa mwenye daraja la nne, hata kama hesabu zake ni safi.

Habari njema ni kwamba mazoezi ya mtihani huo hutolewa bure na wenyewe katika intaneti. Jibu la makosa halipunguziwi alama, kwa hiyo si busara kuacha swali tupu. Tena jina la kujiandikisha sharti lilingane na jina la pasipoti. Kijana anayeitwa Mwinyi shuleni na jina jingine katika pasipoti aweza kurudishwa mlangoni kabla hajakaa kitini.

Kikwazo kilichofichika

Wazazi wengi hudhani kwamba alama ya A katika KCSE ni tikiti tosha. Sivyo. Waingereza huhesabu KCSE kuwa sawa na mtihani wao wa miaka 16, nao wanaoingia chuo kikuu kwao wamesoma miaka miwili zaidi. Kenya nayo ilikuwa na kidato cha tano na cha sita, lakini mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliviondoa, na KCSE ya kwanza ikafanywa mwaka 1989. Basi kijana wa Changamwe mwenye cheti hicho hulazimika kwanza kusoma A-level, au mwaka wa matayarisho, tena achunguze sana, kwa maana si kila chuo cha udaktari kinachopokea matayarisho yaliyofanywa mahali pengine.

Akishakuwa na hayo yote, maombi hupelekwa UCAS, ofisi moja inayopokea maombi ya vyuo vyote vya Uingereza. Kwa udaktari siku ya mwisho ni tarehe 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, wala mtu haruhusiwi kuomba vyuo zaidi ya vinne vya udaktari. Wanaochaguliwa huitwa kwa mahojiano. Katika vyuo vingi mwombaji hupita meza baada ya meza, dakika chache kila moja: hapa aulizwe kwa nini ataka udaktari, pale amwelezee habari mbaya mtu anayejifanya mgonjwa, kwingine apime jambo la haki na dhuluma. Aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa aweza kudhaniwa hana la kusema. Ni vizuri ajizoeze mapema kujibu kwa adabu huku akimtazama mwulizaji.

Nafasi chache na fedha nyingi

Serikali ya Uingereza imeweka mpaka: katika vyuo vya udaktari vya England, wanafunzi watokao nchi za nje huwekewa kiasi cha asilimia 7.5 ya nafasi. Maana yake kijana wa Kisauni hashindani na Waingereza tu, bali hushindania fungu dogo pamoja na watoto wa Singapore, Malaysia, Nigeria, Canada na kwingineko.

Karo nayo yatisha. Mwingereza hulipa pauni elfu tisa na kitu kwa mwaka, tena kwa mkopo wa serikali. Mgeni, katika vyuo vingi, hulipa zaidi ya pauni 40,000. Kwa kadiri ya shilingi 170 kwa pauni, hiyo ni shilingi milioni 6.8 kwa mwaka, na masomo ni miaka mitano: milioni 34, kabla ya chakula, chumba na nauli. Visa ina masharti yake. Mwombaji kutoka Kenya hupimwa kifua kikuu, huonyesha fedha zilizokaa benki siku 28, na hulipa pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya matibabu. Kazi ya kibarua yaruhusiwa saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Anayedhani atajilipia karo kwa kuosha sahani amekosea hesabu vibaya sana.

Hapa ndipo walaghai hupata riziki. Yuko mtu atakayekuja na shati jeupe na fomu zenye nembo, aseme ana njia yake. Msomaji akumbuke kwamba katika mwezi wa Agosti 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret, wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wapelekwe kusoma Finland na Canada, na jambo hilo likafika mahakamani. Wengine walikuwa wameuza ardhi. Mtihani wa UCAT mtu hujiandikisha mwenyewe, maombi ya UCAS huyatuma mwenyewe, na karo hulipwa kwa chuo chenyewe. Asemaye kwamba nafasi ya udaktari hununuliwa kwa mtu wa kati, mlango aonyeshwe.

Maisha ya chuoni

Tuseme sasa kijana amefaulu. Chuo Kikuu cha Liverpool kilianza mwaka 1881, na jengo lake la matofali mekundu la mwaka 1892 ndilo lililovipa jina vyuo vya namna hiyo katika Uingereza nzima. Mwaka wa kwanza wanafunzi wengi hukaa katika mabweni ya chuo. Baadaye watano au sita hushirikiana kupanga nyumba, hasa pande za Smithdown Road, na hapo kila mmoja hujifunza kupika, kugawana malipo ya umeme na kuvumilia vyombo visivyooshwa.

Juma la kwanza huwa la karamu, na pombe hunywewa nyingi. Hakuna anayelazimishwa, lakini asiyekunywa yampasa kutafuta marafiki mahali pengine: katika vyama vya dini, vya michezo, vya Waafrika. Mpira ni lugha moja ambayo mtu wa Mombasa huenda nayo tayari. Atakuta mji mzima wakumbuka jinsi Divock Origi, ambaye baba yake alichezea Kenya, alivyoifunga Barcelona mara mbili uwanjani Anfield tarehe 7 Mei 2019.

Baridi si jambo la mzaha. Lakini wengi wasemao juu ya Ulaya huitaja baridi, husahau giza. Katika Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, likazama kabla ya saa kumi jioni. Mwanafunzi aliyekuwa hospitalini mchana kutwa aweza kumaliza juma bila kuliona. Huo ndio wakati wa upweke, na vijana hodari wameacha masomo kwa ajili yake. Katika Juni mambo hugeuka, jua likakaa mpaka baada ya saa tatu na nusu usiku, na mwenye kufunga Ramadhani ikiangukia miezi hiyo atahitaji subira kubwa.

Kwa Mwislamu mji huu una sifa ya pekee. Msikiti wa kwanza wa Uingereza ulianzishwa hapa na Mwingereza aliyesilimu, Abdullah Quilliam, mwaka 1887, ukahamia Brougham Terrace mwaka 1889. Na hapo hapo yalionekana mabaya na mema ya nchi hiyo. Mwezi wa Agosti 2024, baada ya watoto watatu kuuawa kwa kisu mjini Southport na uongo kuenezwa kuhusu muuaji, watu wenye hasira walikusanyika karibu na msikiti huo. Waumini walitoka wakawagawia chakula, na baadhi yao wakaishia kukumbatiana. Usiku wa pili yake, katika mtaa wa Walton, maktaba ya watu wote ilitiwa moto. Mzazi asidanganywe kwamba ubaguzi haupo, wala asitishwe kwamba hakuna kingine.

Masomo yenyewe ni mazito. Wanafunzi hufundishwa mwili wa binadamu, kisha huingia wadini: katika hospitali kuu ya Royal, iliyohamia jengo jipya mwaka 2022, na katika ile ya watoto ya Alder Hey. Huko mgonjwa huitwa kwa jina lake, huombwa ruhusa kabla ya kuguswa, na mwanafunzi aliyechelewa huonekana. Tena lafudhi ya watu wa Liverpool ni ya peke yake. Aliyejifunza Kiingereza kwa vitabu huenda akamwuliza bibi kizee mara tatu pale anapoumwa.

Baada ya shahada

Mwisho wa miaka mitano haujawa mwisho. Wanaohitimu Uingereza tangu mwaka wa masomo 2024–25 hutahiniwa pia mtihani wa taifa wa leseni, na mpaka wamalize mwaka mmoja wa kazi hospitalini, hupewa usajili wa muda tu. Akirudi Kenya mara baada ya shahada, huyo aliyesoma ng'ambo hutahiniwa na baraza la madaktari, KMPDC, ndipo angoje mahali pa mafunzo ya kazi ya mwaka mmoja.

Kungoja huko kumekuwa na machungu. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliochukua siku 56 kuanzia Machi, ulihusu hasa vijana hao: Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, nao walishikilia 206,000 hivi zilizokubaliwa mwaka 2017. Mapatano yalipatikana Desemba. Kwa hiyo jamaa wanaouza shamba wakitumaini kwamba daktari wao atalikomboa kwa mshahara wa mwaka wa kwanza, na wafanye hesabu upya.

Iko njia nyingine, ndefu kidogo lakini isiyouza minazi. Kijana asome udaktari katika Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari mwaka 1967, na leo kuna vinginevyo kadha. Asiyepata alama hizo aweza kuwa tabibu kwa kusoma katika KMTC, ambayo ina tawi Mombasa penyewe. Akishakuwa daktari, ndipo atazame Liverpool: Chuo cha Tiba za Nchi za Joto huwapokea madaktari kwa masomo mafupi na ya shahada za juu, na misaada kama ya Chevening na ya Jumuiya ya Madola hulipia masomo ya juu ya namna hiyo, ambapo Chevening hailipii kabisa shahada ya kwanza. Mtu wa namna hiyo huenda Ulaya akiwa ameshatibu wagonjwa Makadara au Port Reitz, anajua analolitafuta, wala hakuna ndugu aliyehama nyumba kwa ajili yake.

Hii si kusema kwamba mtoto asipelekwe. Mwenye uwezo, au aliyepata msaada wa kweli wa kulipiwa, na aende, na pwani imwombee dua. Lakini kikao cha jamaa kikikaa, na kiulize maswali haya kwa utaratibu: Je, mtoto ana A-level au cheti kilicho sawa nayo? Je, amejaribu maswali ya UCAT kwa saa mkononi, na amepata ngapi? Je, karo ya miaka yote mitano inajulikana itoke wapi, si ya mwaka wa kwanza tu? Na mtoto mwenyewe, ataka udaktari, au ni majirani wanaoutaka? Maswali hayo hayagharimu hata senti moja, na yafaa kujibiwa yote siku ile ile, mtoto akiwa amekaa hapo kikaoni na kuruhusiwa kusema.